Watoto 90, mipira miwili: namna ya kufundisha kurusha na kuusikiliza moyo

SWALI: Shikamoo mkufunzi. Nafundisha darasa la tatu kwenye shule ya msingi huku Mbagala. Nina watoto 90, kipindi cha dakika 40 na mipira miwili. Nimeona wengi wakirusha mpira kwa mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kulia, na mpira hauendi mbali. Mwenzangu ananiambia niwaache wacheze tu, wakikua watajua wenyewe. Je, ni suala la umri? Na habari za utimamu wa mwili nizifundisheje bila kuwarudisha darasani wanakili ubaoni?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Umetazama miguu, na hapo ndipo pa kuanzia, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Kurusha kwa mkono wa juu, yaani mkono ukipita juu ya bega, kuna hatua zake. Mtoto mdogo hukielekeza kifua kule anakorusha, miguu imetulia, anarusha kwa kiwiko tu. Baadaye huanza kukanyaga mbele, lakini kwa mguu wa upande uleule wa mkono unaorusha. Watoto wako wamefika hapo. Kinachofuata ni kukanyaga kwa mguu wa upande wa pili, kiuno kitangulie kuzunguka, bega lifuate, mkono uje mwisho na kumalizikia upande wa pili wa mwili. Nguvu ya mpira inaanzia chini. Anayetanguliza mguu wa kulia amekizuia kiuno kisizunguke, ndiyo maana mpira wake unaangukia karibu.

Umri unampa mtoto misuli na uwezo wa kusimama bila kuyumba, ila mpangilio huo haumpi. Watu wazima wengi wanarusha vilevile kama wanafunzi wako, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaelekeza. Mwenzako yuko sahihi kwenye jambo moja: watoto wanahitaji kucheza, tena sana. Tatizo ni kwamba mchezo usio na maelekezo humnoa zaidi yule anayejua tayari. Chukua rede. Ina kukimbia, kukwepa na kurusha, ni hazina kwa mwalimu wa michezo. Lakini angalia nani hutolewa kwanza: ni yule asiyejua kukwepa, na ndiye anayekaa pembeni muda mrefu kuliko wote. Badili kanuni. Aliyepigwa asikae, abadilishane na mrushaji.

Sasa piga hesabu ya mipira yako. Ukitoa muda wa kupanga na kupasha misuli joto, unabaki na kama dakika 30. Tuseme kurusha mara moja na kuurudisha mpira kunachukua sekunde 10. Mpira mmoja utarushwa mara 180, miwili mara 360. Gawa kwa watoto 90: kila mmoja amerusha mara nne, na muda wote uliobaki alikuwa kwenye foleni. Kila wawili wakiwa na mpira wao, kila mtoto anafika mara 90. Hakuna ufundi wa kufundisha unaoweza kuziba pengo hilo, kwa hiyo tafuta mipira kwanza. Soksi kuukuu iliyojazwa matambara na kufungwa kwa kamba inatosha kabisa, na haimuumizi anayeogopa kudaka. Zamani tungejazia mifuko ya plastiki, lakini hiyo imepigwa marufuku tangu 2019. Waambie watoto watengeneze nyumbani, wawili kwa wawili.

Maelekezo yawe mafupi, mtoto aweze kuyatamka huku anafanya: “Ubavu, kanyaga, rusha!” Yaani aelekeze ubavu kule anakorusha, akanyage, ndipo arushe. Chora mstari kwa chaki, na mfunge kitambaa kwenye kifundo cha mguu unaotakiwa kukanyaga (anayetumia mkono wa kushoto afungwe kulia). Kosa ninaloliona sana ni kuwawekea watoto shabaha ya karibu mapema mno. Mtoto akitaka kulenga hujibana, hurudi kurusha kwa kiwiko. Mwambie arushe kwa nguvu, mbali awezavyo, na mwili wenyewe utatafuta kiuno. Shabaha itakuja baadaye.

Usisubiri darasa la tano. Wadogo wa miaka mitano au sita huamini wanaweza kila kitu. Kuanzia miaka saba au nane hivi huanza kujilinganisha na wenzao kwa usahihi zaidi. Hapo ndipo utasikia “mimi siwezi mpira”, na asemaye hivyo hujitenga, akakosa mazoezi, akazidi kuachwa. Hilo linaniuma, kwa sababu linazuilika.

Kupima maendeleo, usipime umbali pekee, maana aliyerefuka atashinda hata kama harushi vizuri. Kipimo cha Dale Ulrich, mtafiti wa Marekani wa mwendo wa mwili wa watoto, kilichotungwa kwa watoto wa miaka 3 hadi 10, hutazama namna mwili unavyofanya kazi: je, mkono unarudi nyuma? Kiuno na mabega vinazunguka? Mguu wa upande wa pili unakanyaga? Mkono unamalizia baada ya kuachia mpira? Ndiyo ni 1, hapana ni 0. Tazama watoto kumi kila kipindi, wengine waendelee kurusha.

Kuhusu utimamu wa mwili, tumia mwili ukiwa bado unahema. Kila mmoja aweke vidole shingoni, au kiganja kifuani, ahesabu mapigo kwa sekunde 15, azidishe kwa 4. Waruke kamba dakika moja, wahesabu tena. Kisha uliza: kwa nini yameongezeka? Waache wabishane kabla hujawaambia kwamba misuli inadai oksijeni na damu ndiyo inayoibeba. Warudie kuruka huku wakiimba. Anayeweza kuongea lakini wimbo unamkatikia yuko kwenye mazoezi ya wastani; anayeshindwa hata kuongea, kwenye mazoezi makali. Kipimo hicho atakwenda nacho nyumbani, ambako anakihitaji, kwani Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi ya wastani hadi makali kila siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Vipindi vyako haviwezi kuzitimiza peke yake. Kombolela ya jioni ihesabiwe.

Watoto watakuambia jasho ndilo linaloonyesha nani amefanya mazoezi. Waulize kwa nini hutoka jasho hata wakiwa wamesimama mstarini asubuhi. Jasho huupoza mwili linapokauka, na kwa unyevu wa Dar halikauki upesi, kwa hiyo joto linabaki ndani. Kuanzia Desemba hadi Machi omba kipindi chako kiwe cha kwanza asubuhi, na maji yawepo uwanjani kabla hujapuliza filimbi.