Panga riwaya kwa miaka ya hadithi

Mwaka huu sisomi tena riwaya kwa kufuata nani kaisifia au ipi imetoka karibuni. Nazipanga kwa wakati unaosimuliwa ndani yake. Nimechagua mwambao na Unguja, tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza hadi baada ya Mapinduzi. Wewe chagua sehemu unayoipenda, lakini mpango huu nakusihi uujaribu.

Wa kwanza ni Abdulrazak Gurnah na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel. Yusuf, mtoto mdogo, anatolewa na babake kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni, na baadaye anajikuta kwenye msafara wa biashara kwenda bara, huku Wajerumani wakizidi kuijaza nchi. Usiikimbize, hasa kurasa za safari. Biashara, njaa na hofu ya njiani ndiyo riwaya yenyewe.

Sasa nimo katikati ya Kuli ya Adam Shafi, habari za wapagazi wa bandarini na mgomo wa Unguja wa 1948. Ukifika kwenye mazungumzo, yasome kwa sauti, hata kama nyumbani watakushangaa. Shafi ana sikio la mtaani, na utani wa watu wake hausikiki vizuri ukisomwa kwa macho tu.

Itafuata Vuta N'kuvute, ya Shafi huyohuyo, inayotupeleka kwenye harakati za kudai uhuru. Tanzania wengi waliisoma kwa ajili ya mtihani, wakaitafuta dhamira na vipengele vya fani mpaka ladha ikaisha. Irudie ukiwa mtu mzima, bila kalamu mkononi. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee Raza, atakuwa mtu kamili, si "mhusika mkuu wa kike". Filamu ya Amil Shivji ya 2021 itazame baadaye. Ukishaziona sura za waigizaji, Denge wako mwenyewe, yule mpigania uhuru wa riwaya hii, humpati tena.

Faida kubwa ya mpangilio huu naingojea kwenye vitabu viwili vya mwisho, vya Shafi pia, ambavyo nimewahi kuvisoma kila kimoja peke yake. Kasri ya Mwinyi Fuad ilichapishwa 1978. Inasimulia maisha ya watumwa-nusu kwenye shamba la bwanyenye na inaishia kwenye furaha ya Mapinduzi ya Januari 1964. Haini ilitoka 2003, nayo inatuingiza gerezani, katika msako uliofuata kuuawa kwa kiongozi. Msomaji yeyote anayekumbuka Aprili 1972, alipouawa Mzee Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, ataelewa, na Shafi mwenyewe aliwekwa kizuizini kipindi hicho. Ni mkono uleule. Ukiviweka bega kwa bega, unaona matumaini ya kitabu cha kwanza yakihojiwa na cha pili, na hakuna mhakiki anayehitajika kukuonyesha. Ukipata nafasi ya kusoma viwili tu katika orodha hii, soma hivi, na usiache miezi kupita kati yake.

Lakini mzigo huu wote ni mzito, na wengi huacha kusoma kwa kujinyima starehe. Weka kando kitabu chepesi cha wakati uleule. Mimi nina Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha 1960, na Bwana Msa wake, mpelelezi wa kiko na maswali ya ajabu. Nilikichukua kwa ajili ya kupumzika tu, lakini sasa kinanifikirisha: Unguja ya Bwana Msa ni jirani kabisa na ya Denge kwa miaka, ila huku mauaji yanapelelezwa na siasa haipigi hodi. Shafi aliandika akijua kilichotokea 1964, Abdulla hakujua.

Kuhusu kuvipata, anza kwa wauza vitabu vya mitumba kabla ya duka kubwa, na uliza kwa jina la mwandishi, maana majalada hubadilika. Mimi bado natafuta nakala nzuri ya Kiu, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed. Nikiipata kabla ya kumaliza Kuli, Vuta N'kuvute itasubiri.