Kutu kwenye mashine ya randa ya zamani: weka grinda chini kwanza

Mkuu, umesema umenunua mashine ya randa ya zamani iliyolala nje misimu miwili ya mvua, na fundi anataka kupitisha grinda kwenye meza yake. Nakusihi, usimruhusu. Meza ile ilisawazishwa kiwandani kwa uangalifu mkubwa. Diski inachimba mabonde usiyoyaona kwa macho, utakuja kuyaona kwenye mbao. Umeme ukipitishwa kwenye maji ya magadi unang'oa kutu na kuacha chuma kizima mahali pake.

Mimi nipo Tanga, na upepo wa bahari huku haumwachii chuma mtu. Njia hii nimeitumia kwenye mashine moja ya mbao ya Kiingereza, aina ya Wadkin, majiliwa mawili, na randa zote za mkono alizoniachia marehemu baba.

Unahitaji pipa la plastiki, maji, magadi, vipande vya nondo na chaja ya betri ya gari ya volti 12. Magadi ni kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4 za maji. Ukipata soda eshi ya unga chukua hiyo, maana magadi ya mawe ya sokoni huja na uchafu na chumvi. Chumvi yenyewe usitie kabisa: ikipitishwa umeme inatoa klorini, gesi inayochoma mapafu.

Waya hasi, mweusi, unabana kwenye kifaa chenye kutu. Waya chanya, mwekundu, unabana kwenye nondo. Hapa tafadhali kagua mara mbili. Mara yangu ya kwanza niligeuza nyaya nikaenda kulala. Asubuhi skrubu ya kupandishia meza ilikuwa imeliwa meno, na skrubu kama ile haiuzwi dukani. Nilizunguka wiki tatu kumtafuta fundi wa kuchonga nyingine. Iliniuma sana.

Nondo zizunguke kifaa bila kukigusa, zote zikiungwa kwa waya mmoja, kwa sababu upande unaotazamana na nondo ndio unaosafika. Usitumie stenlesi badala ya nondo. Kromiamu yake hugeuka sumu ya saratani ndani ya maji yale. Aluminiamu ing'oe kwanza, magadi huila. Visu na springi navyo visiingie, kwa kuwa haidrojeni huweza kufanya chuma kigumu kiwe chepesi kuvunjika.

Haidrojeni hiyohiyo ndiyo mapovu utakayoyaona yakipanda kutoka kwenye kifaa. Inalipuka. Fanyia kazi uwanjani, pasiwe na sigara wala jiko, na zima chaja ukutani kabla ya kugusa klipu. Chaja ikiwa ya kisasa itakataa kuwaka bila betri, basi unga betri nzima sambamba nayo, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi.

Meza yako haitaingia pipani. Jenga fremu ya mbao chini, tandika nailoni nzito, jaza maji. Panga nondo sakafuni, kisha laza meza kifudifudi juu ya vipande vya mbao ili isiziguse.

Mimi huacha usiku kucha. Asubuhi juu kuna povu la kahawia zito kama uji wa ulezi, na chuma kinatoka kimefunikwa masizi meusi laini. Sugua kwa brashi ya waya chini ya maji. Kwenye ile Wadkin, herufi za jina zilianza kujitokeza chini ya kidole gumba changu, moja baada ya nyingine, na kingo zake bado kali. Nilimwita mke wangu aje aone.

Ukishasuuza usiende kunywa chai. Chuma kilichovuliwa hivyo huanza kupiga wekundu ndani ya dakika chache. Kausha kwa kitambaa, anika kwenye jua kali, kisha paka oili nyepesi. Juu ya meza paka nta ya nyuki badala ya oili, maana oili hutia madoa kwenye mbao na rangi ya vanishi haitashika.

Leo jioni jaribu kwanza na nati moja kwenye ndoo. Ukiona mapovu yanatoka kwenye nati kwa wingi kuliko kwenye nondo, nyaya umezipatia.