Sahani Inayorudi Jikoni: Maswali ya Lishe Kutoka Makao ya Wazee

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwenye makao ya wazee au kwa watoto wao. Mimi ni afisa lishe, ingawa mlinzi wa makao moja niliyokuwa nikiyatembelea alizoea kunitangaza pale getini: "Mama lishe amefika!" Wazee wakawa wanachungulia kuona sufuria iko wapi.

Mimi ni mpishi, tuna wazee 30. Mchana ugali na maharage, jioni wali na maharage. Sahani zinarudi na nusu ya chakula. Wakubwa wangu wanasema wazee huwa hawali sana. Ni kweli? (Mpishi, Dar es Salaam)

Kweli yenyewe ni nusu. Mzee hahitaji chakula kingi kama alipokuwa akishika jembe, lakini protini yake haipungui. Kadiria angalau gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na zaidi kidogo akiwa anaumwa au ana kidonda. Bibi wa kilo 50 anataka gramu 50. Yai moja lina kama gramu 6. Sasa huyo bibi akirudisha nusu ya maharage, piga hesabu mwenyewe.

Kabla hujagusa ratiba, simama kwenye beseni la vyombo siku tatu uangalie kinachorudi. Niliwahi kufanya hivyo mahali fulani. Ugali ulikuwa umemegwa pembeni tu, mchuzi umenywewa wote, maharage yamelala pale pale na maganda yake. Wale wazee njaa walikuwa nayo, meno ndiyo hawakuwa nayo. Tukaanza kuloweka maharage usiku kucha, tukayachemsha mpaka yakavurugika, tukayaunga kwa nazi, na ugali ukasongwa laini. Usikimbilie magadi ili yaive haraka, maana yana sodiamu, na wenye presha hapo kwenu hawakosekani. Dagaa watwange kinuni uwatie mchuzini. Ukiweza kupata mlenda uutie karanga, mzee aliyetoka Dodoma au Singida huna haja ya kumbembeleza.

Halafu tazama saa. Pale nilipokuwa, chakula cha jioni kilitolewa saa 11 ili wapishi wawahi daladala, na uji ukaja saa 2 asubuhi. Hizo ni saa 15 tumbo tupu! Tulichofanya ni kuacha uji mzito kwenye chupa ya chai, mlezi wa zamu akaugawa saa 3 usiku. Kijiko kikubwa kimoja cha siagi ya karanga humo ndani kinaongeza karibu kalori 90 na gramu 4 za protini.

Na mzani uwepo, wazee wapimwe kila mwezi. Aliyetoka kilo 50 akafika 45 ndani ya miezi sita amepoteza asilimia 10, huyo apelekwe hospitali, asiambiwe ni uzee. Asiyeweza kusimama, azima futi ya fundi cherehani umpime shavu la mguu panapojaa zaidi. Chini ya sentimita 31, misuli inakwisha.

Mama yangu ana kisukari. Nimemkuta anapewa chai ya sukari na andazi, nikagombana na mlezi. Nilikosea? (Binti, Morogoro)

Kidogo, dada yangu. Kwa mama wa umri huo, sukari kushuka ghafla inaweza kumdhuru haraka kuliko andazi moja. Hutokea hasa kwa anayechoma insulini au anayemeza glibenklamaidi, vidonge vya kushusha sukari, akapewa dawa kisha asile. Anatoka jasho, anaongea yasiyoeleweka, na watu wanasema bibi leo kaamka vibaya. Kwa hiyo kwanza uliza anatumia dawa gani, na nani anahakikisha amekula. Sukari ya kwenye chai ipunguzeni taratibu, andazi lisindikizwe na yai. Kama ametumia metformini, kidonge kingine cha kisukari, miaka mingi, omba apimwe vitamini B12, kwa sababu dawa hiyo huishusha, na ganzi ya miguu huweza kutokea hapo.

Babu mmoja hanywi maji mchana ili asiamke usiku kukojoa. Na akinywa, anakohoa. (Mlezi, Unguja)

Hayo ni mambo mawili. Kiu hufifia uzeeni, kwa hiyo usingoje aombe. Mwanamume alenge lita 2 za vinywaji kwa siku, mwanamke lita 1.6, chai ikiwemo, isipokuwa daktari amewawekea kiwango kwa ajili ya moyo au figo. Kingi kinywewe kabla ya magharibi. Nenda pia ukaangalie choo chenyewe: kama kiko ng'ambo ya ua na taa imeungua, babu ana akili timamu kuliko sisi.

Kukohoa ndiko kunakonitia wasiwasi. Akae wima, anywe funda dogo dogo kwa kikombe kipana kisichomlazimu kuinua kichwa nyuma, na asilale kabla ya nusu saa. Daktari amwone wiki hii. Akipata homa au akihema kwa shida, mpelekeni siku hiyo hiyo, huenda kitu kimeingia mapafuni.

Mama yuko kwenye nyumba ya wazee hapa London. Wanamletea viazi vya kuponda, hagusi. Naona haya kulalamika. (Mtoto wa Mombasa)

Usione haya. Uingereza ina kanuni za mwaka 2014 za huduma kama hizo, na kanuni ya 14 inahusu chakula na vinywaji. Imetaja wazi matakwa ya mkazi yanayotokana na apendavyo, dini yake au utamaduni wake, maadamu ni ya kadiri. Andika barua, usiishie kusema mlangoni. Taja vitu kwa majina: nyama ya halali, wali wa nazi, mbaazi, ndizi mbivu zilizopikwa. Omba waanze kuandika anachokula kila siku. Na uliza utaratibu wa kupeleka chakula cha nyumbani, maana wana masharti yao ya kupasha moto.

Mwanangu, nina miaka 81, meno yamebaki manne. Hapa makaoni wananikataza pweza. Nife bila kumla tena? (Mzee, Pwani)

Shikamoo, babu. Kama hupaliwi ukila vyakula vingine, sioni sababu ya kukunyima. Apondwe vizuri kama wavuvi wanavyompiga, achemshwe taratibu mpaka uma uzame, akatwe vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, kisha aingie kwenye mchuzi mzito wa nazi. Ila usile chumbani kwa kujificha. Kaa na wenzako.