Dishi kwenye gari la kulala: liweke chini, si juu ya paa

Ndugu, umeuliza kama ufunge dishi la TV juu ya paa la gari lako la kulala au uliweke chini, maana picha hupotea kila unapohamia kambi mpya. Hilo ni kawaida: kila ukihama, pembe ya kuielekea setilaiti hubadilika. Mimi ningechagua kuliweka chini, kwenye stendi ya miguu mitatu. Gari likae kivulini, dishi litafute uwazi, maana hata tawi lenye majani laweza kuziba mawimbi. Sawazisha stendi kwanza (wengi huruka hapa, kisha humlaumu fundi). Programu ya simu ya kutafuta setilaiti itakupa uelekeo na mwinuko. Zungusha dishi taratibu ukitazama kipimo cha king'amuzi, mwishowe geuza LNB (kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) kidogo kidogo. Ukitoka nje ya eneo linalohudumiwa na setilaiti hiyo, usijisumbue kulielekeza, picha haitapatikana. Ukishikilia la paani, kutoboa mwachie fundi. Tundu lisilozibwa vizuri huvujisha.