Juzuu thelathini, miji minne

Jamaa nyingi za Unguja na Pemba zilizotawanyika baada ya 1964, na nyengine zilizohamia Oman baada ya 1970, sasa zimefika kitukuu na kilembwe. Bibi yuko mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, wanawe wako Maskati, wajukuu London na Toronto. Kila jamaa ya namna hii ina kundi la WhatsApp, na makundi yenyewe yanafanana: asubuhi picha ya maua na "Jumaa Karim", mchana video iliyokwisha kuzunguka makundi kumi, jioni kimya. Vijana walishazima sauti ya kundi zamani. Salamu peke yake haishiki watu. Kinachowashika ni shughuli ambayo kila mmoja ana fungu lake, na asipolileta pengo linaonekana. Kwa jamaa ya Kiislamu shughuli hiyo haihitaji kubuniwa: ni hitima ya kila mwezi kwa ajili ya waliotangulia, yaani kugawana juzuu, mafungu thelathini ya msahafu, zikasomwa zote, kisha dua.

Awepo mgawaji mmoja. Mkiacha kila mtu ajichagulie, saba watachukua Juzuu Amma, ile ya mwisho yenye sura fupi, kwa sababu wanaijua kwa moyo, na juzuu ya tatu mpaka ya kumi zitakosa mwenyewe. Mgawaji aandike wasomaji kwa zamu, na kila mwezi kila mtu asogee juzuu moja mbele. Anayeshika zamu yake bila kuruka, baada ya miezi 30 atakuwa amekhitimu msahafu mzima. Juzuu moja ni kama kurasa 20 katika msahafu wa Madina, ambao una kurasa 604. Msomaji mzoefu humaliza kwa nusu saa au dakika 40. Anayesoma kwa kusitasita atataka zaidi ya saa nzima, na huyo mpeni hizbu, yaani nusu juzuu, aisome kwa raha. Wasomaji wakiwa 24, sita wenye nafasi wachukue mbili mbili. Wekeni pia watu watatu wa akiba ambao hawapewi kitu mpaka siku moja kabla ya dua, kwani hapo ndipo wawili watatu hutuma ujumbe kwamba wameuguliwa au wamezidiwa na kazi.

Kuna kosa ambalo wengi hawaligundui. Misahafu iliyomo nyumbani si ya chapa moja. Wazee wengi wana ile ya chapa ya Bara Hindi, vijana wanasoma wa Madina kwenye simu, na baadhi ya juzuu hazianzii aya moja. Juzuu ya 20 katika wa Madina inaanzia aya ya 56 ya Sura An-Naml. Katika ule wa Bara Hindi inaanzia aya ya 60. Kijana akisoma juzuu ya 19 kwenye simu na bibi akasoma ya 20 kwenye msahafu wake, aya nne hazijasomwa na mtu. Juzuu ya 23 ni hivyo hivyo: inaanzia aya ya 28 ya Yasin katika wa Madina, ya 22 katika ule wa Bara Hindi. Basi msigawe kwa namba ya juzuu wala ya ukurasa. Andikeni sura na aya, mwanzo na mwisho.

Kila mtu asome kwake, kwa wakati wake, ndani ya siku sita. Msijaribu kusoma pamoja kwa video: sauti huchelewa kidogo kati ya mji na mji, na Yasin ya watu ishirini hugeuka zogo. Mkutane kwa dua tu, dakika 25. Mdogo kabisa anayeweza asome Ikhlas, Falaq na Nas, mkubwa wa ukoo aombe dua, wengine wote wazime maikrofoni. Zoom ya bure hukata baada ya dakika 40, kwa hiyo salamu ndefu zije nyuma ya dua, isije ikawa dua ndiyo iliyokatwa.

Siku ni Jumamosi. Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, wengine Jumamosi na Jumapili. Hakuna siku nyengine inayowakuta wote. Saa inayofaa ni kumi na moja jioni ya Unguja. Hapo Maskati ni saa kumi na mbili, London ni saa nane mchana wakati wa baridi na tisa wakati wa joto, Toronto ni saa tatu au nne asubuhi. Lakini kwenye tangazo andikeni pia 17:00. Mtoto wa London akisikia "saa kumi na moja" atafungua simu saa tano ya asubuhi, akute hakuna mtu, na mwezi wa pili hatajisumbua. Saa ya Unguja haibadiliki mwaka mzima, ndiyo maana yafaa iwe kigezo. Toronto husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na Uingereza Jumapili ya mwisho, na katikati hapo mahesabu ya kila mtu huharibika.

Katika jamaa moja mtakuwa na watu wa madhehebu ya Ibadhi na ya Shafii, na siku hizi pia kijana anayeiona hitima ni bidaa, yaani jambo lililozushwa katika dini. Asilazimishwe wala asijadiliwe. Mpeni kazi ya daftari la nasaba, au atoe sadaka kwa niaba ya marehemu. Mwezi nao usiandamie kwenye kundi: kila nyumba ifunge na ifungue na mji wake, na atakayeswali Idi kesho apewe mkono wake kesho.

Daftari hilo lisiwe mti wa majina tu. Kila mtu aandikwe jina la nyumbani, jina la baba na babu, mama na baba yake mama, mji na mwaka wa kuzaliwa, kisha jina kama lilivyo kwenye paspoti. Hili la mwisho lina sababu. Ng'ambo ya bahari jina la tatu hugeuzwa jina la ukoo, basi ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akiandikishwa kwa jina la babu na mwengine kwa kabila, watoto wao wanakuwa na majina yasiyokutana. Hamisi wa Unguja ni Khamis wa Maskati.

Safu inayosahauliwa ni ya kunyonya. Nani alimnyonyesha mtoto wa nani, mwaka gani, mara ngapi. Kwa Mashafii, kunyonya mara tano kabla mtoto hajatimiza miaka miwili kunaleta udugu unaozuia ndoa, na kwetu binamu kuoana si ajabu. Wanaojua habari hizi ni mabibi wa miaka themanini. Waulizeni mwaka huu.

Kazi hiyo ya kuuliza ndiyo ya kumpa mtoto. Kumsukumia simu na kumwambia "msalimie bibi" huzaa shikamoo moja na kimya kirefu. Mpeni swali moja kwa wiki, alitume kwa sauti: "Bibi, chuoni ulisomeshwa na nani?" Bibi ajibu kwa sauti, chini ya dakika mbili, na jibu lihifadhiwe nje ya WhatsApp, pamoja na jina na tarehe. Na mtu asicheke Kiswahili cha mtoto. Akichekwa mara moja, atajibu kwa Kiingereza au Kiarabu mpaka aolewe.

Msiba una utaratibu wake. Maziko hayangoji, lakini watoto wa marehemu walioko mbali wapigiwe kwanza, mmoja mmoja, na kundi lisubiri nusu saa. Halafu ujumbe mmoja: nani, anazikwa wapi, saa ngapi kwa saa ya wapi, na namba ya mtu mmoja wa kupigiwa. Mgawaji naye aanze kupanga juzuu usiku ule ule.