Kwa nini Dreamliner haiji Kisumu Desemba

Omera, umeuliza kwa nini Kenya Airways (KQ) wasilete Dreamliner, ile Boeing 787 yao kubwa, hapa Kisumu wakati wa Krismasi, badala ya kutuuzia tiketi kwa bei ya ng'ombe. Nilipakia mizigo kiwanjani miaka minne, nitakujibu nilivyoona.

Kutua si tatizo. Njia ya kurukia ilirefushwa hadi mita 3,300, na KQ imewahi kupeleka Dreamliner Mombasa. Lakini ndege huzeeka kwa idadi ya safari kuliko kwa kilomita. Ikipaa, mwili unajazwa hewa na kutanuka, ikishuka, unanywea. Matatu ya Kondele hapa mjini, inayosimama kila kituo, na basi la mbali la Busia, breki za nani zinaisha kwanza? Kuja hapa kutoka Nairobi ni kama dakika 40 angani. London ni karibu saa tisa, na inatua mara moja tu.

Wajapani walilijua hilo. Mwaka 1973 walianza kupokea 747SR, Jumbo ya Boeing iliyoimarishwa mwili na magurudumu kwa safari fupi za ndani. Baadaye ikaja 747-400D, viti zaidi ya 500, watu wamepangwa kama omena kwenye debe! Ila wao Haneda, uwanja wa ndege wa Tokyo, ulikuwa umejaa, hakuna nafasi ya kuongeza safari, na abiria wapo kutwa.

Sisi je? Dreamliner ya KQ ina viti 234, Q400, ndege ndogo ya mapanga ya Jambojet inayokuja hapa, 78. Mara tatu kamili. Mimi ningechagua hizo tatu: mtu apande alfajiri, amalize mkutano Nairobi, jioni arudi kula samaki kwake.

Halafu kuna kazi ya chini. Q400 tulikuwa tunaipakia kwa mikono, umeinama, katoni ya samaki wa mbuta inakuvujia maji ya barafu hadi ndani ya kiatu. Dreamliner inataka makontena na mashine ya kuyainua. Kushusha watu 234 na kupandisha wengine, itakaa chini muda mrefu kuliko ilivyokaa angani.

Na hao wengine watatoka wapi? Tarehe 23 Desemba kila mtu anakuja ocha, nyumbani kijijini. Siku kama hiyo niliwahi kufunga mlango wa mizigo wa ndege inayorudi Nairobi, ndani kuna mabegi kumi na moja.