Ukipeleka wageni kwenye kijiduka cha kahawa chenye mizimu, Seattle

Wageni wanaotoka nyumbani kuja Seattle, huku Marekani, huwa na ombi moja: picha mbele ya duka la kwanza la kahawa la Starbucks. Picha wapige, foleni muiache. Kwanza duka lile la soko la Pike Place si mahali walipoanzia. Walifungua mwaka 1971 Western Avenue, wakahamia hapo mwaka 1976. Wa kwangu nawateremsha uchochoroni chini ya soko, Post Alley, kwenye Ghost Alley Espresso. Ni kijichumba tu. Ukiingia na begi mgongoni, mwenzako itabidi asubiri nje. Na husemwa kina wenyewe.

Hapo ndipo ushauri unapoanza. Usimshtukize mtu mzima habari hiyo akiwa tayari mlangoni. Shangazi yangu nilimwambia mapema, tukiwa bado kwenye treni ya kutoka Tukwila, akanitazama: “Yaani mwanangu, huku mnamfuata jini kwa nauli?” Alikuja, lakini kwa hiari yake, na kahawa aliinywea nje. Kuna wenye imani zao ambao hawataki kabisa mzaha huu, na watoto wadogo wana usiku wa kulala. Kwa wote hao pana kahawa nyingine nyingi tu juu sokoni.

Nendeni asubuhi, katikati ya wiki. Kiangazi meli za kitalii zikishusha abiria, pale hapapitiki. Shukeni kituo cha Westlake, fuateni Pike Street mpaka chini ya ile saa kubwa, kisha mteremke. Mawe ya uchochoro yakilowa yanateleza, kwa hiyo mama mwenye kanzu ndefu na viatu vya kisigino ashikwe mkono. Halafu mwonyeni kila mtu asiegemee ukuta! Jirani wa kahawa hiyo ni ule ukuta wa chingamu, bigijii za kutafunwa, ambazo watu walianza kuzibandika miaka ya 1990 wakingoja kuingia kwenye ukumbi wa maigizo. Mwaka 2015 ulisafishwa, ikatoka zaidi ya tani moja. Watu wakaanza tena. Mimi huo ukuta sioni raha yake, ila vijana hawabanduki hapo.

Mliozoea kahawa chungu ya vijiweni, agizeni espreso tupu. Zile ndefu zenye maziwa na sukari ya maua ni kitindamlo. Kashata leteni wenyewe.

Sasa hadithi. Watakuuliza mzimu wenyewe nani, nawe usiwape vituko vya milango kujifunga. Wape Kikisoblu. Wazungu walimwita Princess Angeline. Alikuwa binti wa Chifu Seattle, ambaye mji unabeba jina lake. Baada ya mkataba wa 1855 watu wa kabila lake, Waduwamish, wenyeji wa asili wa hapa, walitakiwa waihame ardhi yao, yeye akagoma. Akabaki kwenye kibanda karibu na pwani, chini ya Pike Street, akifua nguo za watu na kuuza vikapu. Alifariki mwaka 1896, miaka 11 kabla soko halijafunguliwa. Wasimuliaji wa soko husema bado anaonekana humo. Kama anaonekana, ni mwenyeji aliyekaa kwao. Wageni ni sisi.

Nilipomsimulia shangazi habari hiyo aliacha utani wake wa majini, akauliza maswali mpaka kikombe kikapoa.

Mkirudi juu, inueni macho kwenye lango la soko. Kuna picha tano za Aki Sogabe, za mwaka 1999, kuwakumbuka wakulima wa asili ya Kijapani. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, sehemu kubwa ya meza za mboga ilikuwa yao. Februari 1942 Rais Roosevelt akasaini amri namba 9066, familia za Wajapani hao zikaondolewa kwa nguvu na kupelekwa kambini, meza zikabaki tupu. Wengi hawakurudi tena sokoni. Wapitao chini ya picha hizo wengi wanakimbilia kuona wauzaji wakirushiana samaki, kwa hiyo wewe ndiye wa kuwasimamisha wako.

Watu wa ziara za mizimu watakutajia pia jengo la Butterworth, First Avenue, lililokuwa nyumba ya maiti tangu 1903. Siku hizi ni baa. Wageni wangu wengi si wa baa, basi huwa tunalitazama kwa nje na kupita.

Chenji ya kahawa msirudi nayo. Pale langoni yupo Rachel, nguruwe wa shaba aliyewekwa mwaka 1986, na mgongoni ana tundu la sarafu. Anayeona taabu kumgusa nguruwe, hata wa shaba, ampe mtoto atumbukize. Pesa hizo zinaingia kwenye mfuko wa soko, unaosaidia zahanati, kituo cha wazee, chekechea na ghala la chakula, vyote viko hapo hapo sokoni.